Kitako

Kila nilipounda kitu kikaanza kusema,
punda wa Famau alipita uchochoroni,
akajikuna ubavu kwenye ukuta wetu,
meza ikatikisika,
waya mmoja ukachomoka, siku zote ule wa kijani,
na taa yangu ikafa
kabla haijamaliza kupepesa.

Miezi mitatu hivyo.
Betri inaning'inia ukingoni,
bao la matundu linateleza juu ya kitambaa cha plastiki,
swichi nimeifunga kwa uzi wa cherehani.
Mama akapita na sinia la mchele, akatazama, akasema:
"Hicho chombo chako hakijui kukaa kitako."
Yeye alikuwa anatania.
Mimi nikasikia ramani.

Nikashuka Langoni kwa mjomba Shekuwe
anakochonga milango ya watu wenye nyumba ndefu.
Pembeni, chini ya vumbi la msumeno,
kipande cha mbambakofi:
ua lililochongwa nusu, kisha mkwaruzo mrefu,
pale patasi ilipoteleza katikati ya jani.
"Kitwae," akasema, hakuinua mato,
"lakini usiniambie wenda kukikokea moto."
"Naenda kukitia umeme."
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
mbuzi wake amejifunza hesabu.

Shibiri moja na nusu kwa shibiri moja.
Nilikipiga msasa mgongoni hadi mkono ukapita bila kukwama;
upande wa ua sikuugusa.
Keekee nikaazima, matundu manne,
la nne nikalikosea kwa unene wa punje ya mchele
na mbambakofi haisamehi:
nikatoboa la tano.
Mrija wa kalamu ya wino, nimeukata vipande,
ndio nguzo za kuinulia bao kidogo
nyaya zipate kupita chini kama maji ya mfereji.
Miguu ni ndara, mmoja wa buluu, mwingine wa kijani,
jozi zao zilipotelea mlangoni pa harusi.
Na misumari miwili ya shaba, yenye vichwa vya duara,
ile ya kupambia milango,
nikaigongomea pembeni:
huu chanya, huu hasi.
Nikaandika kwa ncha ya msumari wa moto,
herufi zikanuka moshi mtamu.

Nilikuwa naunda king'ora cha tangi la darini:
maji yakifika ukingoni, taa iwake,
kabla hayajateremka ukutani kwa Bi Mwanashee
tukaamkia matusi.
Nyaya mbili ndani ya bilauri.
Nikamimina.
Ikawaka.
Punda akaja, kama aliyeitwa.
Akajikuna. Meza ikatikisika. Bilauri ikayumba, maji yakamwagika hadi mkekani.
Kitako hakikusogea hata unyoya.

Jioni mjomba akaja kukagua mali yake.
Taa hakuitazama.
Alipitisha kidole kwenye mkwaruzo, taratibu,
akasema skrubu yangu ya kushoto imekaa upande,
na kweli ilikuwa upande.
Kisha akauliza:
"Na ukikosea?"
"Nachomoa. Nachomeka pengine."
"Ubao hautoboki?"
"Matundu yapo tayari."
"Mara ngapi?"
"Upendavyo."

Akanyamaza.
Miaka arobaini na moja ya patasi
ikanyamaza pamoja naye.
"Kwetu," akasema, "mkono ukenda, umekwenda."

Akanyosha kucha yake yenye gundi,
akaushika waya wa kijani, akauchomoa.
Giza.
Akauchomeka tundu silo. Giza.
Akaurudisha mahali pake.
Mwanga ukampiga kwenye miwani.
Chai ilipoa. Mama akaita mara mbili.
Mjomba akauchomoa tena.